Tende Nilizogawa Siku ya Maonyesho ya Ndege

Nianze na kosa lenyewe, kwa sababu watu wa mtaani kwetu Ibra wakinisimulia huanzia hapo, na afadhali mtu alisikie kwangu kabla halijatiwa chumvi. Siku ya maonyesho ya ndege kambini, nilikuwa miongoni mwa watu waliopewa kazi moja tu: kuhakikisha kwamba karibu na ndege hapana kitu chochote kidogo na kigumu. Si kijiwe, si msumari, si kifungo cha shati. Na mimi huyo huyo, nimevaa kizibao changu cha njano, niligawa ndoo mbili za tende kwa watu waliokaa hatua ishirini kutoka ndege zilipoegeshwa. Tende zenye kokwa. Nilizizungusha safu kwa safu nikiwahimiza, "Chukueni, chukueni, msione haya, zipo nyingi."

Sikuwa na homa. Nilikuwa nakaribisha wageni.

Mimi ni mtu wa stoo. Nina elimu ya sekondari na funguo ishirini na mbili. Magodoro, mablanketi, mashuka na mito ya kambi nzima, vyote viko chini ya sahihi yangu, na askari akitaka foronya mpya lazima anione mimi kwanza, jambo linalonipa hadhi ambayo mke wangu hajaitambua mpaka leo. Mimi si mwanajeshi; ni raia wa kuajiriwa. Kambi yenyewe ni ya jeshi la anga, iko kisiwani, upande wa pili wa maji, mwisho kabisa wa mkoa wa Sharqiyah, mahali ambapo upepo haujapata kukaa kitako tangu kuumbwa. Kutoka Ibra mpaka huko ni saa tatu na ushei za gari kupitia Sinaw, kisha feri, na kabla ya feri kuna kuingoja feri, ambako ndiko kurefu zaidi. Kwenye ramani pale ni jirani tu. Kwangu mimi ni ughaibuni. Wazee wangu walitoka Unguja wakavuka bahari nzima kuja huku kwa Waarabu kuanza maisha upya, na sikuwahi kuwasikia wakilalamika. Mimi navuka kipande cha maji ambacho ukiwa katikati unaziona ng'ambo zote mbili, na huu ni mwaka wa tisa nalalamika.

Maana mimi si mtu wa kutoka. Nikiwa Ibra nina kiti changu uani, chini ya kivuli cha ukuta, na kivuli kikihama nami nahama nacho. Mke wangu husema nikifa wanizike pale pale uani, sitaona tofauti.

Sasa mtu kama huyo aliingiaje kwenye orodha ya wanaojitolea? Kwa uroho. Tangazo lilibandikwa penye mlango wa chumba cha kulia: kambi itafungua milango kwa jamaa na wananchi, ndege zitaruka, na kila atakayejitolea kusaidia atapewa ruhusa ya siku mbili baada ya kazi. Mimi sikusoma habari za ndege. Nilisoma siku mbili. Nikatia sahihi. Yaani nilijitolea kwenda kwenye maonyesho ili nipate kukaa nyumbani. Nikampigia simu mke wangu.

"Nimejitolea."

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe ambaye ukitumwa dukani unasema kesho?"

"Wanatoa ruhusa siku mbili."

"Aa! Sasa nimefahamu. Nilidhani umeanguka ukapiga kichwa."

Tulikuwa watu arubaini. Tulikusanywa katika banda la ndege tukafundishwa na afisa wa usalama, mtu wa Nizwa, mrefu, mkavu, mwenye upole wa aina ile ambayo ungeona afadhali akupigie kelele. Alikuja na chupa tupu ya jamu, na ndani yake skrubu moja ndogo, ndogo kuliko ncha ya kidole changu. Akaitikisa itoe mlio.

"Injini ya ndege haichagui," alisema kwa Kiarabu chake cha taratibu. "Inavuta kilicho mbele yake. Kitu cha ukubwa huu kikiingia, kinavunja. Na aliyekaa ndani ana mama yake nyumbani."

Tukatikisa vichwa wote. Mimi nilitikisa zaidi ya wengine, kwa kuwa nilikuwa nawaza kama siku mbili zile zinahesabiwa pamoja na siku ya kuvuka feri au bila yake.

Na huyo mwenye mama nyumbani, kwa bahati yangu, mama yake namjua. Tunapakana ukuta. Ni mtu mzima wa miaka sitini na kitu, aliyeletwa kutoka Unguja akiwa mtoto wa kubebwa, na Kiswahili chake amekirithi kwa mama yake pamoja na ulimi wenyewe. Kitinda mimba wake alikuwa anajifunza urubani pale pale kambini kwetu. Miaka miwili kijana anaruka, na miaka miwili mama yake anasema hayo ni ya kuambiwa. "Mimi naziona nguo zake tu nikizifua," husema. "Zina vumbi kama za mtu yeyote." Usiku wa kuamkia siku za mazoezi hapati usingizi, na asubuhi huamka na hasira, na mwenye kukutana na hasira hizo mara nyingi huwa ni mimi, kwa kuwa niko uani.

Siku ya maonyesho wanafunzi wanne wangeruka pamoja mbele ya watu, na mwanawe mmojawapo. Juma lililofuata kijana alikuwa anapelekwa nje kusoma, mwaka mzima. Kwa hivyo kama mama hakumwona siku ile, basi. Akakusanya wanawake wa mtaa, na waume wachache wa kubeba vyombo, wakakodi basi. Kisha akanipigia simu mwenyewe.

"Wewe uko huko, utatupokea."

"Nitawapokea, mama. Ahlan wa sahlan."

"Si kwa maneno."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, katika maneno hayo matatu. Kwa sababu mgeni aliyetoka Ibra akavuka bahari hapokewi kwa mkono mkavu. Kwetu mgeni hata awe amekuja kukudai, kwanza tende na kahawa, halafu ndiyo mfungue vinywa. Nilikuwa na ndoo mbili za tende aina ya fardh, za mitende ya marehemu baba, nilizozificha stoo katikati ya mito kinyume cha amri zote za stoo. Nikaona hizo zinatosha. Mke wangu, kwenye simu, aliniuliza kama nitazitoa kokwa kwanza. Nilimcheka. Tende iliyokwisha kufumuliwa humpi mgeni. Ataona kuna mtu ameshaitia vidole. Tende huja nzima, ina kokwa yake, na kokwa ni kazi ya mgeni. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na kwa malezi hayo mazuri nikaenda kuharibu shughuli ya jeshi.

Asubuhi ya siku yenyewe, saa kumi na mbili, watu arubaini tulipangwa mstari mmoja kwa upana wa njia ya kurukia ndege, kila mtu na mfuko wa plastiki, tukaambiwa tuende mpaka mwisho tukiokota. Mwisho wenyewe hauonekani. Kizibao changu kilikuwa cha mtoto wa darasa la sita. Kimefunga mbele kwa kubembelezwa. Unatembea umeinamisha kichwa, huruhusiwi kuzungumza, upepo unakusukuma ubavuni kama mtu mwenye haraka. Nilitembea njia yote ile nikapata vijiwe vitatu, unyoya mmoja, nusu ya kalamu na kifungo cha shati. Nilipofika mwisho nikagundua kifungo ni changu. Kizibao kilikishinda nguvu.

"Safi," alisema afisa wa Nizwa, akitazama mifuko yetu. "Sasa ibaki hivi hivi."

Watu wa Ibra walikuwa wamevuka jana yake, wakalala mjini. Saa tatu kasoro waliingia wakiwa wameshakuwa na hasira za kuhesabiwa langoni. Viti vilipangwa juu ya sakafu pana ya zege, na mbele ya viti kamba, na ng'ambo ya kamba zile ndege nne za wanafunzi, ndogo, zina panga moja la kuzunguka puani, zimesimama zikingojea. Ratiba ilisema wao ndio wa kufungua, saa tatu u nusu. Jirani yangu alikaa safu ya mbele kabisa, katikati, kama aliyekodi uwanja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Kijana alikuwa amesimama wima karibu na ndege, na nguo zake za kijani. Alimwona mama yake, akainua kidevu kidogo, basi.

"Mbona haji kunisalimia?"

"Yuko kazini, mama."

"Kazi gani, amesimama tu?"

Nikaona hapa pana haja ya tende. Nikaleta ndoo ya kwanza. Wanawake wakatoa chupa zao za kahawa, vikombe vikatembea, uso wa jirani yangu ukalegea kidogo, akasema tende za baba yako hizi nazijua. Nikavimba. Lakini nyuma yao kulikuwa na watu wa Sur waliokuja na jamaa zao, na nyuma ya hao wenyeji wa kisiwani, na huwezi kumpa mtu tende ukamruka wa nyuma yake anayekutazama. Nikaleta ndoo ya pili. Nilifika mpaka safu ya mwisho. Watu waliniombea dua. Nawaambia kweli, katika miaka yangu tisa pale kambini sikupata kupendwa kama zile dakika kumi.

Sasa kokwa. Nyumbani kuna kisahani. Unaweka kokwa, mwenye nyumba anaondoa. Pale kisahani hapana. Watu wangu ni watu wa adabu, hawatemi ovyo, kwa hivyo kila mmoja alizifunga kokwa zake vizuri katika karatasi ya kufutia mikono akaziweka chini ya kiti. Upepo wa kisiwani ulizitazama karatasi zile mara moja tu. Zikapaa zote pamoja, na kokwa zikamwagika juu ya zege lililo laini kama sinia, zikaanza kubiringika. Na kama hiyo haikutosha, watoto waligundua kwamba kokwa ya tende ukiiweka juu ya kidole gumba ukaifyatua inavuka kamba. Wakaanza kushindana ya nani itafika kwenye gurudumu.

Mimi nilikuwa nimeshika ndoo tupu, natabasamu.

Ng'ambo ya kamba fundi mmoja alikuwa ameshainua mkono ili injini ziwashwe. Mkono ukabaki juu. Akatazama chini. Akainama, akaokota kitu, akaita. Afisa wa Nizwa akaja kwa hatua zile zile za taratibu, akakipokea kile kitu, akavuka kamba, akanijia mimi kwa sababu ya kizibao. Akafungua kiganja.

"Hii nini?"

"Kokwa ya tende, sidi."

"Naijua kokwa ya tende. Mimi mtu wa Nizwa. Nakuuliza inafanya nini hapa."

Nikaisogeza ndoo nyuma ya mgongo.

"Nani amegawa tende?"

Safu zote zile za watu, wengine bado wanatafuna, hakuna aliyefungua mdomo. Nikasema moyoni, hawa ndio watu wangu, wananificha. Jirani yangu akanyoosha kidole bila hata kugeuka.

"Huyu. Jirani yangu. Tende zake nzuri lakini."

Afisa akaniuliza swali lililonimaliza kabisa: "Ulileta tende ngapi?"

Alitaka kujua zimebaki kokwa ngapi za kutafuta, hesabu ya kawaida tu, zilizotolewa na zilizookotwa.

"Tende za wageni hatuhesabu, sidi. Ni aibu."

Naye, mtoto wa Nizwa, hilo alilijua vilevile kama mimi. Angetaka kunikaripia na hakuwa na pa kushika, kwani kwao pia hawahesabu. "Basi," alisema polepole, "kwa kuwa hatujui ni ngapi, itabidi tutafute mpaka hapana."

Kipaza sauti kikatangaza kwamba kuna kuchelewa kidogo kwa sababu za usalama. Injini hazikuwashwa. Wale thelathini na tisa waliojitolea wakaitwa tena na mifuko yao, na kila aliyepita mbele yangu alinipa jicho lake. Mpishi mmoja, mtu wa Samail, aliyekuwa kwenye mstari ubavuni kwangu tangu alfajiri, alisimama akanishika bega.

"Ndugu yangu," alisema, "kwani biskuti zimekwisha madukani?"

Tuliokota. Kokwa ni rangi ya vumbi, na zege la kisiwani lina rangi ya vumbi, nakwambia ukaitafute. Ziliingia kwenye mifereji ya kumwagia maji, kwenye nyufa za zege, moja ilipatikana juu kabisa ya tairi. Tukimaliza upande mmoja, upepo unaleta nyingine kutoka nyuma ya viti, kwa kuwa wageni wengine walikuwa bado wanazo mkononi, wanangoja pa kuziweka. Kuna mzee wa Sur alinipa zake nane kwa heshima kubwa, akanishukuru, akaniuliza kama kuna nyingine. Tende, si kokwa.

Aliyeokoa hali alikuwa jirani yangu. Alisimama juu ya miguu yake, akawageukia watu, na sauti ile ambayo mimi huisikia kupitia ukutani ikajaza uwanja.

"Kila mtu ainue kiti chake! Wewe, mama, inua. Nyie watoto, aliyerusha aokote, nimewaona wote. Mwanangu amesimama juani ananingojea mimi nifagie ndipo aruke! Haya ndiyo tuliyoyajia?"

Kisha akapiga magoti juu ya zege, na magoti yake mabovu, akaanza kuokota. Wanawake wa Ibra wakapiga magoti. Watu wa Sur wakapiga magoti. Ng'ambo ya kamba kijana alikuwa anamtazama mama yake, na hakuruhusiwa kusogea, na nadhani siku ile hapakuwa na mtu aliyetamani kunipata peke yangu kuliko yeye.

Ilikwisha saa nne na nusu. Lakini saa nne ndege kubwa za wageni zilikuwa zimeanza kuingia kutoka bara, na hizo zina saa zao, hazingoji mtu. Ratiba ikapangwa upya. Wanafunzi, waliokuwa wa mwanzo, wakawa wa mwisho: saa nane mchana. Na basi la Ibra lilikuwa na feri ya saa saba.

Nilikwenda kwa dereva. Nikambembeleza. Akasema feri inayofuata imejaa, hana nafasi, na alfajiri ana wanafunzi wa kuwapeleka shule. Nikaenda kwa afisa nikamwomba awapitishe wale vijana katikati, dakika tano tu. Akaninyooshea kidole viti vya wageni, nikaondoka mwenyewe. Nikarudi kwa jirani yangu nikiwa nimeandaa maneno ya kumpoza, kwamba itarekodiwa, kwamba ataona kwenye simu. Sikuwahi kuyatoa.

"Kwenye simu ninamwona kila siku," alisema, kama aliyeyasoma usoni. Akawageukia wenzake. "Nyie nendeni."

"Na wewe utarudije?" aliuliza mmoja.

"Huyu atanirudisha. Kesho. Ana ruhusa."

Sikuulizwa. Naliandika hili kwa wale ambao mpaka leo wananisifu kwa kumrudisha.

Wakaondoka. Safu ya mbele ikabaki viti vitupu na mtu mmoja. Zikapita ndege za kivita zinazopasua masikio, zikapita helikopta, likapita dege la mizigo kama nyumba inayoruka, watu wa nyuma wanashangilia, na jirani yangu amekigeuza kabisa kiti chake, amezipa mgongo, mikono kifuani.

"Mama, tazama hii, inapinduka."

"Hizo si zangu."

Nikamletea maji. "Weka hapo." Nikamletea sambusa. "Weka hapo." Nilikaa kiti cha tatu kutoka kwake, maana cha pili nilikiona karibu mno.

Kufika saa nane kasoro robo upepo ulizidi. Pale uwanjani kuna mfuko mrefu wa kitambaa juu ya mlingoti, unaoonyesha nguvu ya upepo, na ulikuwa umenyooka ubavuni kama mkono wa mtu anayekataza. Nilimwona afisa wa Nizwa anautazama, kisha anazungumza kwa redio yake, kisha anautazama tena. Ndege zile ni ndogo na vijana bado wanafunzi. Nilijua anachosema bila kukisikia. Jirani yangu naye alijua. Alikuwa ameshageuza kiti, ameshika ncha ya shela yake na kuikunja, kuikunjua, kuikunja. Hakusema neno, na huyo ni mtu ambaye kwa miaka kumi na minane tunayopakana sijapata kumsikia ananyamaza mchana.

Afisa akageuka akamwona. Alimtazama yeye, akatazama mfuko, akasema jambo refu kwenye redio. Kisha akatujia, na safari hii hakunitazama mimi kabisa.

"Mama," alisema, "wangeruka robo saa. Sasa watapita mara mbili tu, juu, moja kwa moja, bila mapindu, kisha watatua. Zaidi ya hapo sitaki lawama."

Nikamtafsiria, ingawa alikuwa amefahamu. "Mwambie yatosha," alisema.

Wakaruka, mmoja nyuma ya mwenzake, wakazunguka juu ya bahari, wakarudi wakiwa wanne sambamba. Kwa mbali, kwenye mwanga ule wa mchana, ndege nne zile zilikuwa sawasawa kama vijiko vya seti moja.

"Yupi?" aliniuliza, kakamata mkono wangu. "Yupi wangu? Haraka!"

Mimi sikujua. Nilikuwa nimeshinda kutwa uwanjani, nimeokota hata unyoya, na jambo moja lililokuwa na maana, kumwuliza kijana atakuwa wa ngapi, sikuliuliza.

"Wa pili kutoka kushoto," nikasema, kwa uhakika wa mtu anayehesabu mito kwa kuajiriwa.

Wakapita. Hakupunga mkono kama watu wa nyuma. Midomo yake ilikuwa inakwenda tu. Wakapita mara ya pili, chini kidogo, upepo unawayumbisha, wakaja kutua. Alizihesabu zikigusa chini, kwa sauti: mmoja, wawili, watatu. Wa nne alikawia, au mimi niliona kakawia. "Wanne," akasema, na hapo akaegemeza mgongo kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu saa tatu asubuhi, akaifungua ile sambusa.

Kijana aliruhusiwa kuja kabla ya magharibi, dakika chache. Alimbusu mama yake kichwani. Kiswahili chake ni kile cha watoto wetu, kinachosimama mguu mmoja kwenye Kiarabu.

"Mama, umeona mimi?"

"Nimekuona."

"Mimi ile ya mwisho, kulia, kulia kabisa."

Nikatazama viatu vyangu.

"Najua," alisema mama. "Huyu kanambia wa pili kushoto. Nilivyomtazama nikajua hajui, basi nikawatizama wote wanne." Akamnyoosha kijana kola, akamwambia kakonda, akamwuliza huko anakopelekwa kuna baridi kiasi gani na kama jeshi linatoa fulana za ndani au aende nazo. Kijana alicheka. Mimi alinipa mkono, akaukaza zaidi ya inavyohitajika.

Mama alilala nyumba ya wageni ya kambi, kwa shuka nilizomtolea mimi stoo, mpya kabisa, zikiwa bado na mikunjo ya kiwandani. Kesho yake tukavuka kwa feri ya mwanzo. Ile ruhusa yangu ya siku mbili niliyoitolea jasho, nusu siku yake ikaenda kwenye usukani, na yeye pembeni yangu ananambia mwendo nizidishe, mwendo nipunguze, lori lile litoe, lori lile liache. Alilala baada ya Sinaw. Tuliingia Ibra kabla ya adhuhuri, na mtaani wale wa basi walikuwa wameshafika tangu jana na habari, kwa hivyo watu walikuwa wamekaa nje barazani wakinisubiri mimi, si yeye. Mke wangu alikuwa mlangoni, kajifunika mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Nikamshushia jirani yangu mkoba wake mpaka mlangoni kwake. Njia nzima nilikuwa nimeyatafuta maneno, na nikaona nisipoyasema hapo sitayasema.

"Mama, unisamehe. Wallahi nia yangu ilikuwa kusaidia tu."

Akaupokea mkoba, akanitazama kutoka juu mpaka chini, mbele ya mtaa mzima, akasema:

"Baba, siku nyingine ukijisikia hamu ya kusaidia watu, jilaze kidogo, itakuondoka."